Mibofyo Miwili

Maiti ililala kifudifudi katikati ya makreti ya parachichi, na kidogo tu Koplo awe maiti ya pili.

Alikuwa ameshatia kichwa na bega moja ndani ya chumba namba saba, anasema, "Afande, mbona hata damu hamna," mara akaanza kuyumba kama mlevi anayeutafuta mlango wa jirani. Inspekta alimdaka mkanda wa suruali akamvuta nje. Koplo akakaa sakafuni kwa kishindo, midomo imegeuka zambarau.

"Nimeona nyota," akasema.

"Ungekawia ungeona na malaika. Kaa hapohapo, usiguse kitu."

Inspekta mwenyewe kituoni walimwita Sindano, maana alikuwa mwembamba, na akishaingia mahali hatoki bila damu. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mjane, na magoti yake yalikuwa yanatabiri mvua kuliko redio. Asubuhi hiyo ya Ijumaa yalikuwa yanauma yote mawili.

Ghala lilikuwa refu, la bati, lenye ubaridi wa kaburi na giza la mchana. Lilikuwa na vyumba kumi, kila kimoja na mlango mzito wa kusukuma pembeni. Humo ndimo parachichi hulazwa usingizi. Mashine huinyonya hewa yenye uhai, tunda likakosa pumzi ya kuivia, likasubiri miezi hadi soko liamke. Tunda hustahimili. Mwanadamu huvuta pumzi mbili, ya tatu haimkuti.

Ndiyo maana nje ya kila mlango palikuwa na kioo kidogo chenye namba. Ikisoma ishirini na moja, hewa ya ndani ni sawa na ya nje, ingia. Ikishuka chini ya kumi na nane, hata paka haruhusiwi. Kioo cha chumba namba saba kilikuwa kinawaka kijani, hakina wasiwasi: ishirini na moja.

Zimamoto walikuja na vinyago vyao, wakaingiza kipimo chao wenyewe.

"Kimesoma ngapi?" Inspekta akauliza.

"Mbili."

"Kioo kinasema ishirini na moja."

"Basi kioo kinasema uongo, Afande."

Maiti ilitolewa ikalazwa kwenye turubai. Alikuwa mzee wa miaka sitini, nadhifu, kalamu tatu mfukoni, nywele zimechanwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Alikuwa mkuu wa vipimo vya ghala lote. Watu walimwita Mzee Mizani.

Daktari wa polisi alimpindua, akamfunua kope, akamtazama kucha.

"Hana jeraha. Hana alama ya kukabwa. Amekosa hewa. Hatua tatu nne, magoti yakaisha, akaanguka. Ndani ya dakika chache alikuwa ameshakwenda. Hakujua hata kinachomuua."

Meneja alikuja anajifuta shingo kwa kitambaa, ingawa pale ndani palikuwa baridi.

"Mmeshamkamata?"

"Nani?"

"Mlinzi! Komeo! Ndiye aliyefunga mlango na mwenzake yumo ndani. Wachambuaji wamekuja saa tatu, nyapara wao anafungua, anaona nyayo za viatu zinamtazama. Muulizeni Komeo!"

Wakamuuliza. Alikuwa mzee mwenye kikohozi cha siku nyingi, kofia ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyefunga mlango wa saba?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo. Nilikuta umeachwa wazi kidogo. Mlango ukiachwa wazi mimi nafunga, ndiyo kazi yangu. Jina lenyewe nimelipatia hapo."

"Hukuchungulia?"

"Afande, nikichungulia kila mlango, nitafunga lini?"

"Jana mligombana na marehemu."

"Tuligombana kila siku. Jana alipima kwa hatua kutoka getini hadi chooni, akapiga hesabu, akasema nakaa chooni kupita kiasi. Mtu mzima! Mbele ya akina mama!"

"Nawe ukamwambia nini?"

Komeo akakohoa. Akakohoa tena, hiki cha pili hakikuwa cha ugonjwa.

"Nilisema... iko siku nitamfungia humohumo na maparachichi yake."

"Wamesikia wangapi?"

"Wote. Ni mdomo wangu tu, Afande. Hata mke wangu aliukimbia."

Mkuu wa kituo alipopewa habari kwenye simu hakutaka maneno mengi. Mtu ametishia, mtu amefunga mlango, mtu amekufa. Komeo alale mahabusu, na Jumatatu saa tatu asomewe shtaka la mauaji. "Unataka na muziki juu yake, Sindano?"

Koplo akamtia mzee pingu. Mikono ilikuwa imekonda hivi kwamba pingu zilitaka kushuka zenyewe.

"Afande, mimi nitakufa huko ndani," Komeo akasema polepole, kama anayeeleza njia. "Kifua hiki hakiwezi sakafu ya saruji."

Inspekta aliashiria apelekwe garini. Lakini neno lilimkaa. Mlinzi anaweza kufunga mlango. Kukifundisha kioo kusema uongo, hiyo ni elimu nyingine.

Elimu hiyo ilikuwa na mwenyewe pale ghalani, katika chumba kidogo kilichojaa nyaya kama utumbo. Fundi wa kompyuta: mwanamke wa miaka thelathini, mtandio wa kijivu, sauti ya chini, meza safi kuliko zote walizoziona siku ile.

"Karibu, mama. Karibu, Afande. Msiba mkubwa huu."

"Mkubwa, mwanangu. Nieleze kioo."

Fundi akaigeuza kompyuta yake wakaiona. "Kila kinachofanyika kwenye mitambo kinaandikwa. Hii hapa. Jana Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kimewekwa kifurushi kipya cha programu ya hewa."

"Kifurushi? Mimi kifurushi ninachokijua ni cha karanga."

Fundi akatabasamu kidogo. "Ni programu iliyofungashwa katika faili moja. Ukiiweka, inajitandaza yenyewe ndani ya mtambo. Hiki kilikuwa kibovu. Kimeizuia feni isirudishe hewa usiku kabla ya wachambuaji kuingia, na kioo kikaganda kwenye ishirini na moja."

"Feni ikaambiwa ilale, kioo kikaambiwa kidanganye."

"Unaweza kusema hivyo."

"Nani alikiweka?"

Fundi akaonyesha kwa kidole. Jina la mtumiaji lilikuwa la Mzee Mizani. Kompyuta ilikuwa ya Mzee Mizani.

"Kwa hiyo amejiua mwenyewe, bila kujua?"

"Sitaki kumsema marehemu. Ila kompyuta haisemi uongo."

"Ya mlango wa saba imesema," Koplo akadakia.

Inspekta akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu, "Nasikia kulikuwa na kipimo cha mkononi pia. Cha kupima mlangoni kabla ya kuingia."

"Kiko kwangu, kibovu. Wiki mbili sasa." Akavuta droo, akakitoa pamoja na hati ya mapokezi yenye saini yake. Inspekta akavichukua vyote viwili.

Nje, zimamoto alibadilisha betri tu. Kipimo kikalia, kikasoma ishirini na moja ya kweli, ya hewa ya Mungu.

Meneja aliposikia habari ya kifurushi alifurahi kwa huzuni, kama watu wa vyeo wanavyojua kufanya. Basi ni ajali! Ila mkuu wa kituo hakubadilika. Ajali au si ajali, mtishaji ni yuleyule na mfungaji ni yuleyule. Jumatatu iko palepale.

Jumamosi asubuhi Inspekta alikwenda kwa mjane wa Mzee Mizani. Viti vya sebuleni vilikuwa vimesogezwa ukutani, na wanawake wawili walikuwa wakiosha vikombe bila kusemezana.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa. Kaa, mwenzangu." Mjane alikuwa na macho mekundu na mdomo ambao hata msiba haukuwa umeuziba. "Umekuja kunipima na wewe? Nimepimwa miaka thelathini na nne. Yule bwana alikuwa anatia chumvi kwenye mizani. Nikamwambia, mume wangu, sufuria si maabara."

Inspekta akacheka. Mjane akacheka pia, kisha kicheko kikampindukia akalia. Inspekta akamngoja amalize. Kazi hii ni kungoja zaidi kuliko kukimbia.

"Niambie, dada. Alikuwa anajua kuweka programu kwenye kompyuta?"

"Nani, yeye? Kuweka hakujua. Alijua kutazama tu."

"Kutazama vipi?"

"Wakimletea kifurushi, anakibofya mara mbili. Kinafunguka kama sanduku la msafiri, anaona kilichomo, kimoja kimoja. Anasoma, anaandika kwenye daftari lake. Akiridhika, anamwita yule binti fundi aweke. Asiporidhika, anarudisha. Alinieleza hayo kila usiku, mwenzangu, ningeweza kufanya mtihani."

"Tangu lini ana tabia hiyo?"

Mjane akakunja upindo wa kanga. "Tangu afe yule mpagazi, miaka miwili iliyopita. Kijana aliingia chumba kisicho na hewa. Ikasemwa alikuwa amelewa. Mume wangu hakula siku tatu. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kujiamini, hata mvua alikuwa anaiambia inyeshe. Baada ya hapo akawa anasoma hadi kijiko cha dawa."

Alipokuwa anaondoka mjane alimtilia ufunguo mdogo mkononi. "Wa droo yake kazini. Mimi sijawahi kuifungua. Mwanamume lazima aachiwe droo moja, la sivyo atapasuka."

Inspekta alirudi kituoni anatafuna neno moja. Hakujua kuweka, alijua kutazama tu. Basi mtu asiyejua kuweka ameweka vipi?

Toka mahabusu, kikohozi cha Komeo kilikuwa kinakuja kwenye korido kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi.

Akakaa kwenye kompyuta ya kituo kusoma ripoti ya daktari. Akaibofya mara mbili. Badala ya ripoti, zikatokea karata, mzungu wa nne na wenzake, wamejipanga.

"Koplo!"

Koplo akaja mbio, akaona, akapoteza urefu. "Samahani, Afande. Ni mimi. Jana nilikuwa nachezea... nilikuwa naitengeneza. Nikaiambia kompyuta kwa bahati mbaya kwamba mafaili ya aina hii yafunguliwe na karata."

"Kwa hiyo ripoti imeharibika?"

"Hapana, Afande. Faili ni lilelile. Faili halijui litafunguliwa na nani. Ni kompyuta ndiyo inaambiwa, mtu akibofya mara mbili hili, mwite fulani."

Inspekta alibaki amekishika kipanya hewani.

"Rudia hilo la mwisho."

Koplo akarudia, kwa woga, akidhani anaandikiwa adhabu.

"Koplo," Inspekta akasema, "wewe ni mvivu na mcheza karata, na leo nakupenda kama mwanangu. Waite makao makuu. Nataka mtaalamu wa kompyuta, na namtaka leo."

Mtaalamu alifika ghalani saa tisa alasiri, mtu mnene asiye na haraka. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akavunja vidole, akaanza.

"Nielezee kama unamweleza bibi yako," Inspekta akamwambia.

"Sawa, bibi." Akamtazama kwanza aone kama ataruhusiwa kuishi. "Kila aina ya faili imeozwa kwa programu moja. Picha ina mume wake, barua ina mume wake. Ukibofya mara mbili, mume anaitwa. Hivi vifurushi, kwenye kompyuta hii, viliolewa na programu ya kutazama. Inafunua tu, haigusi kitu. Mume mpole."

"Halafu?"

"Halafu Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana, vikapewa talaka."

Koplo akapiga mluzi.

"Vikaozwa upya," mtaalamu akaendelea, "kwa kiprogramu kidogo kilichofichwa pembeni. Hiki hakionyeshi, hakiulizi. Ukibofya mara mbili, kinasakinisha moja kwa moja. Tazama." Akaweka kifurushi chake cha majaribio, kisicho na madhara, kwenye kioo cha kompyuta. Akabofya. Tap, tap.

Kioo kikapepesa mara moja. Basi.

"Mbona hakuna kitu?" Inspekta akauliza.

"Kimeshawekwa."

"Bila nywila?"

"Nywila imeondolewa pia. Na aliyefanya haya yote ametumia ruhusa ya msimamizi wa mitambo. Msimamizi hapa ni mmoja."

Saa saba mchana, Inspekta alifikiri. Saa ya kula, ofisi tupu, mzee wa watu yuko nje anakata chapati yake vipande vinavyolingana.

Akautia ule ufunguo wa mjane kwenye droo, akaifungua. Ndani mlikuwa na daftari moja jeusi, mwandiko umesimama wima kama askari. Akaanzia mwisho, kwenye Alhamisi.

*Saa 10:20 alasiri. Kifurushi cha hewa. Nimekibofya mara mbili nikitazame. Hakikufunguka. Nimebofya tena. Hakikufunguka. Kesho nimwulize Fundi.*

Kisha akafungua ukurasa wa kwanza. Akausoma mara moja. Akauruka mstari wa mwisho kwa sababu macho yalikataa, akaurudia.

"Koplo," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "kalitafute jalada la yule mpagazi."

Jumapili asubuhi Fundi aliletwa chumba cha mahojiano. Meza moja, viti vitatu, dirisha la juu lisiloonyesha kitu ila rangi ya mawingu. Alikaa wima, mtandio uleule wa kijivu.

"Jumatano saa saba mchana ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Ofisini kwa Mzee Mizani. Nilirekebisha kompyuta yake."

Koplo akainua uso. Hakutarajia jibu jepesi hivyo.

"Ulirekebisha nini?"

"Nilifanya vifurushi vijiweke vyenyewe akibofya mara mbili. Watu wengi huomba hivyo, mama. Wazee hawawezi hatua nyingi. Nilitaka kumrahisishia."

"Mzee aliyerudisha vifurushi mara kwa mara kwa sababu anataka kusoma kilichomo, wewe ukamrahisishia asisome."

"Ilikuwa nia njema."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Jumatano ileile."

"Akasemaje?"

"Akashukuru."

Inspekta akafungua daftari jeusi, akamsomea. Hakusoma kwa ukali, alisoma kama anavyosomewa mgonjwa barua kutoka nyumbani. *Nimekibofya mara mbili nikitazame. Hakikufunguka. Nimebofya tena. Hakikufunguka. Kesho nimwulize Fundi.*

"Hukumwambia," akasema. "Alidhani kimegoma. Na kipimo cha mkononi ulichosema kibovu, kilikosa betri tu."

Fundi alitazama meza.

"Kifurushi kilitoka kwa waliowauzia mitambo?"

Fundi akanyoosha upindo wa mtandio.

"Mtaalamu amewapigia. Hawajatuma kitu miezi mitatu."

Inspekta akatoa karatasi mbili akaziweka sambamba. Moja ilikuwa hati ya mapokezi ya kipimo. Ya pili ilikuwa imeanza kuwa ya njano, kutoka jalada la miaka miwili: *Nimepokea maiti ya mdogo wangu.* Chini ya kila moja palikuwa na saini ileile, mkia wake umepindwa juu kama wa nge.

"Saini nzuri hii," Inspekta akasema. "Mtu hawezi kuisahau. Hata mwenyewe hawezi kuibadilisha."

Fundi akaigusa ile karatasi ya njano kwa ncha ya kidole. Akaigusa hasa lile neno *mdogo wangu*.

"Walisema amelewa," akasema.

"Nimesoma."

"Yule mtoto alikuwa anatapika hata kwa dawa ya kikohozi. Hajawahi kuonja pombe maisha yake. Nilimlea mimi, mama alipokufa. Nilimfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya kazi, anacheka, ananiambia dada, mimi ni mwanamume sasa. Wakati ule hakukuwa na vioo. Kulikuwa na daftari linaning'inia mlangoni. Mzee anapima, anaandika, watu wanasoma, wanaingia. Mdogo wangu aliniambia, akicheka, mzee wetu ana uhakika kama nabii, huandika ya kesho leo. Jioni anajaza vipimo vya asubuhi, ili asiamke mapema."

Koplo aliacha kuandika.

"Siku ile daftari lilisema ishirini na moja. Mdogo wangu alisoma. Mdogo wangu alijua kusoma, nilimfundisha mimi."

"Ulimwambia polisi?"

"Niliambiwa nilete shahidi. Nilikwenda getini, nikamuuliza kila mtu mzee aliingia saa ngapi kazini. Hakuna aliyeona. Ghala zima lilikuwa limepofuka. Basi nikaomba kazi humo. Hakuna aliyenitambua, msiba hauna sura, watu walikuwa wanatazama chini."

"Umekaa naye muda gani?"

"Mwaka na nusu. Alinifundisha vipimo. Aliniita binti yangu."

"Haikukuuma?"

"Iliniuma kila siku. Lakini kulikuwa na maumivu yaliyotangulia, nayo yalikuwa hayajaondoka kwenye kiti." Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nilitaka aamini namba. Basi. Asome ishirini na moja, aingie, kama mwenzake alivyoingia."

"Wangeingia wachambuaji je? Akina mama kumi na wawili?"

"Hawawezi kumtangulia. Siku zote yeye ndiye anayeingia wa kwanza. Hakuruhusu mtu mwingine."

"Unajua kwa nini?"

"Ukubwa."

Inspekta akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akalisukuma mbele yake. Fundi akasoma mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti.

*Niliandika 21 jioni, bila kupima. Kijana wa watu ameisoma asubuhi akaingia. Amekufa kwa kalamu yangu. Nimeshindwa kusema. Tangu leo nitafungua na kutazama kila kitu kabla hakijawekwa, na chumba chochote nitaingia wa kwanza mimi.*

Fundi alisoma mara ya pili. Kisha akalisukuma daftari lirudi.

"Kwa nini hakusema?" akauliza. "Mwaka na nusu niko meza ya pili. Angesema tu. Ningelia, ningemtukana, ningemvunjia vikombe. Angesema tu!"

Inspekta akalifunga daftari. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameliuliza swali hilo watu wengi, na wote walikuwa wamekufa.

"Na Komeo?" akauliza baadaye. "Ulijua yuko ndani kwa kosa lako?"

"Nilijua."

"Ungemwacha asomewe mauaji?"

Fundi alijifuta macho kwa upindo wa mtandio, na alipoutoa, uso ulikuwa mkavu.

"Yule naye hakuona kitu," akasema. "Nendeni mkamuulize hakuona nini."

Alitia saini maelezo yake. Mkia wa nge ulikuwa palepale.

Mchana Inspekta alikwenda mwenyewe mahabusu na ufunguo. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kubali, kwa mguno, kama anayetoa jino. Komeo alikuwa ameketi juu ya kofia yake ili asiikalie saruji, mgongo ukutani, kifua kinapiga filimbi.

"Toka, Babu. Uko huru."

Mzee hakusimama. "Amepatikana?"

"Amepatikana. Ni Fundi. Yule mpagazi aliyekufa alikuwa mdogo wake."

Komeo alifungua mdomo, ule mdomo uliomponza maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu. Akaivuta kofia chini yake, akaishika mbele ya tumbo.

"Alikuja getini," akasema mwishowe. "Siku ya tatu. Kuchukua viatu vya marehemu. Sikumtazama usoni. Akaniuliza, baba, yule mzee wa vipimo aliingia saa ngapi siku ile?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui."

"Ulikuwa unajua?"

"Geti nafungua mimi, Afande. Nani mwingine angejua?" Kikohozi kikamshika, kikamtikisa, kikamwacha. "Meneja alikuwa ameniambia, Komeo, wewe umezeeka, kazi nyingine hupati. Nikaona mfu ameshakufa. Sikujua kwamba kuna mwingine anangoja zamu."

Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi na korido ilikuwa tupu. Mzee alikuwa haondoki.

Inspekta alimwita Koplo alete karatasi na kiti. Akaketi palepale kizingitini, magoti yakalalamika, akafungua kalamu.

"Tuanze upya, Babu. Siku ile Mzee Mizani aliingia saa ngapi?"

"Saa moja na dakika tano," Komeo akasema. "Na mtoto wa watu alikuwa ndani tangu saa kumi na mbili na nusu."